Nyama Mbichi kwa Mbwa wa Kamakis: Swali Liko Machinjioni

Ukitoka Thika Road pale Ruiru ukaingia Eastern Bypass, moshi wa nyama choma hukupokea kabla hujaona kibao chochote. Kamakis imejipatia jina kwa mbuzi wa kuchoma, na panapochomwa mbuzi wengi hapakosi mbwa. Wako wasio na mwenyewe, wanaozunguka nyuma ya majiko wakingoja mfupa. Wako pia wa upande wa pili wa ukuta, katika mitaa iliyochipuka kuanzia Membley hadi Tatu City: German Shepherd, Boerboel, Japanese Spitz mweupe anayeogeshwa kila Jumamosi. Wenye mbwa hawa wa pili ndio wanaouliza swali ambalo baba zao hawakuwa na haja nalo: je, tumwondoe mbwa kwenye ugali na chakula cha gunia, tumlishe nyama mbichi?

Swali lenyewe ni la haki. Shida ni kwamba limetufikia likiwa na majibu yaliyotungwa kwingine, na wanaobishana wameyabeba jinsi yalivyo. Hawa wanasema mbwa ni mbwa mwitu aliyefungwa mnyororo, mrudishie nyama yake. Wale wanasema nyama mbichi ni sumu, nunua cha pakiti. Wote wameinamia bakuli. Jambo linaloamua liko hatua kadhaa nyuma ya bakuli: machinjioni, mikononi mwa mkaguzi wa nyama, na kwenye ile ndoo ya mapafu inayotoka kwa mlango wa nyuma.

Chakula cha mbwa cha kiwandani si cha kale. Mfanyabiashara Mmarekani James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa jijini London katika miaka ya 1860, na kabla ya hapo mbwa wa Ulaya alikula kama anavyokula mbwa wa Ruiru leo: mabaki ya mezani, uji wa nafaka, na kilichoanguka kwenye kisu cha mchinjaji. Zile punje kavu tunazozijua zilienea Marekani katika miaka ya 1950. Upinzani ulipata kitabu chake mwaka 1993, pale daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alipochapisha *Give Your Dog a Bone*, akihimiza mifupa mbichi yenye nyama, maini na mboga. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kilipitisha msimamo wa kuwataka watu wasiwalishe mbwa na paka protini ya wanyama isiyopikwa. Tangu hapo mabishano yamesimama palepale.

Hoja ya mbwa mwitu inavutia, lakini ina tundu. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, wakiongozwa na Erik Axelsson, walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu. Jeni linaloliwezesha kongosho kutoa kimeng'enya cha kuvunja wanga liko kwa nakala 2 tu kwa mbwa mwitu. Kwa mbwa walikuta nakala 4 hadi 30. Maelfu ya miaka ya kuokota makombo ya wakulima yamembadilisha mnyama huyu tumboni. Kwa hiyo mbwa anayekula ugali hajafanyiwa ukatili wowote wa kimaumbile. Lakini kuweza kusaga wanga si sawa na kushiba virutubishi, na mbwa aliyepewa ugali mtupu maisha yake yote huonyesha hivyo mgongoni: manyoya makavu, mbavu za kuhesabika, ngozi yenye mabaka.

Wanaosifu nyama mbichi nao hawasemi uongo mtupu. Mbwa huipenda. Huisaga vizuri, ndiyo maana choo chake hupungua na hakinuki sana, na kwa mtu anayeishi kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 hilo si jambo dogo. Manyoya hung'aa, hasa kwa sababu ya mafuta. Meno ya anayetafuna mifupa huwa na ukoko mchache. Inapofika kwenye dai kwamba mbwa wa nyama mbichi huishi miaka mingi zaidi, au kwamba hapati saratani, hapo ushahidi unakwisha na imani inaanza. Isitoshe, faida nyingi kati ya hizo hupatikana pia nyama ikipikwa.

Turudi Ruiru, maana hapa hatuchagui kati ya chakula bora cha pakiti na nyama bora mbichi. Mbwa wengi wa eneo hili wanaishi kwa mojawapo ya mambo matatu: ugali uliochanganywa na mapafu au matumbo ya kuchemsha, unga wa mbwa wa gunia kutoka agroveti, au mabaki ya nyumba na hoteli. Manung'uniko ya wanaotaka kubadilisha yana msingi mzito kuliko wenyewe wanavyojua, kwa sababu ya sumukuvu. Mahindi yaliyopata unyevu ghalani huota ukungu unaotoa aflatoksini, na kuipika sufuriani hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wao Makueni na Kitui. Mbwa walikuwa wametangulia: mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Tabia yetu ni kwamba mahindi yakioza, yale ambayo mtu anaona aibu kuyasaga ale yeye, humsagia mbwa. Ini la mbwa huharibika upesi kwa sumu hii, pengine kabla mwenyewe hajatambua kwamba ile manjano machoni si uchovu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ugali wa mahindi mabovu unashindwa na nyama mbichi, nitasema ndiyo. Ila hilo ni shindano la vilema. Tuiangalie nyama yenyewe.

Nyama ipi? Kijitabu cha mzungu kikisema nyama, mwenye mbwa wa Australia anafikiria kifurushi kilichogandishwa kutoka duka la wanyama. Mwenye mbwa wa Kamakis anafikiria anachoweza kumudu kila siku, na hicho si mnofu wa mbuzi wa kuchoma. Ni mapafu, bandama, koo, vichwa na miguu ya kuku, wakati mwingine maini yenye kasoro ambayo mwenye bucha hataki kuyatundika dirishani. Hapo ndipo hatari kuu ilipo, na ina jina: ugonjwa wa haidatidi.

Mzunguko wake uko hivi. Ndani ya utumbo wa mbwa huishi tegu mdogo sana, wa milimita chache, *Echinococcus granulosus*. Mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu na asikohoe hata mara moja. Mayai hutoka na kinyesi, huangukia majani, maji, mchanga wa ua, manyoya ya mbwa mwenyewe. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala, hugeuka malengelenge ya maji kwenye mapafu na ini. Mbwa akipewa mapafu hayo mabichi, mzunguko unafunga. Binadamu akimeza yai, labda mtoto aliyemkumbatia mbwa kisha akala mkate, lengelenge humea ndani yake polepole, miaka kwa miaka, hadi lifike ukubwa wa chungwa au zaidi na kuhitaji upasuaji. Likipasuka tumboni linaweza kuua.

Angalia mtego uliomo. Anayeumwa si mbwa. Mtu akikwambia, "Mbwa wangu amekula mapafu mabichi miaka yote na hajawahi kuugua," anasema kweli kabisa, na kweli hiyo haithibitishi chochote. Afya ya mbwa si kipimo cha usalama wa chakula hiki. Kipimo ni ini la mtoto wa nyumba hiyo miaka kumi baadaye.

Kenya ina historia chungu na ugonjwa huu. Turkana, hasa kaskazini magharibi, iliwahi kuwa miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu kabisa duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti, likichanganya upasuaji, upimaji, elimu na udhibiti wa mbwa. Umaasaini pia haujasalimika. Sasa jiulize mbuzi wa Kamakis hutoka wapi. Mbuzi na kondoo wanaolisha Nairobi na viunga vyake kwa sehemu kubwa huletwa kwa malori kutoka nchi za wafugaji, Kajiado na Narok upande huu, Isiolo na Marsabit upande ule. Mtu wa Ruiru ambaye hajawahi kukanyaga Lodwar anaweza kulisha mbwa wake kutoka mzunguko uleule.

Nchi zilizoushinda ugonjwa huu zilifanya jambo moja kwanza: zilimzuia mbwa asile nyama za ndani zikiwa mbichi. Iceland ilianza katika karne ya 19, pale daktari wa Kidenmaki Harald Krabbe alipoandika kijitabu cha kuwaeleza wakulima jinsi mbwa na kondoo wanavyougawana ugonjwa huo, na sheria zikafuata. New Zealand ilipambana kwa miongo mingi hadi ikajitangaza huru kwa muda mwaka 2002, na hadi leo inamkataza mwenye mbwa kumpa nyama za ndani za mifugo zikiwa mbichi. Hii ndiyo sehemu ya hadithi iliyoachwa njiani wakati mtindo wa nyama mbichi unasafirishwa kuja kwetu. Umekulia katika nchi ambazo mkaguzi wa nyama anaaminika na dawa ya minyoo ni desturi. Wao walifunga mlango kwanza, ndipo wakaanza kubishana kuhusu bakuli. Sisi mlango bado uko wazi nusu.

Nusu, nasema, kwa sababu sheria ipo. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka kila mnyama akaguliwe. Ukisimama kwenye machinjio yanayofuata utaratibu utaona kazi hiyo inavyofanywa: mkaguzi wa nyama hushika mapafu yote mawili na kuyabonyezabonyeza kwa vidole akitafuta uvimbe, huchanja ini na tezi kwa kisu, hutazama moyo. Lengelenge la haidatidi halijifichi sana likishakua. Ni kama mpira mdogo mweupe uliokaa ndani ya nyama, na ukichomwa hutoa maji maangavu. Kiungo chenye lengelenge hukataliwa na hutakiwa kuteketezwa au kutupwa shimoni, mahali mbwa hawezi kufika. Mzoga uliopita hupigwa muhuri wa wino.

Lakini muhuri hupigwa kwenye mzoga. Mapafu hayana muhuri. Yakishaingia kwenye ndoo, yaliyopita na yaliyokataliwa yanafanana, na maneno "ni ya mbwa tu" yana nguvu ya kufungua milango mingi. Mbuzi aliyechinjwa uani kwa sherehe ya kulipa mahari au ya Krismasi hakaguliwi na mtu, na mbwa wa boma hulishwa nyama za ndani papo hapo. Kwangu mimi hilo la uani ndilo baya zaidi, kwa kuwa hata mwenye bucha mwaminifu hawezi kulizuia.

Kuku ana hesabu nyingine, na hapa wanaopinga nyama mbichi hukosea kwa kuweka nyama zote kapu moja. Kuku habebi haidatidi. Kiambu ni kaunti ya kuku, na vichwa, miguu, shingo na wale kuku wa mayai waliochoka kutaga hupatikana kwa bei ya chini kuliko nyama yoyote. Hatari ya kuku ni bakteria, salmonela mbele ya wote. Kati ya 2010 na 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama wa nyumbani: 15 zilikuwa na salmonela na 32 zilikuwa na listeria. Na hizo zilikuwa bidhaa za kiwandani zilizogandishwa, wala hazikukaa kwenye karai juani hadi saa nane. Mbwa mzima mara nyingi huimudu salmonela bila kuharisha, kisha huitoa kwenye choo chake kwa siku kadhaa. Kwa mara nyingine anayeumia ni mtu.

Tena kwetu salmonela haiishii kwenye kuharisha. Katika nchi za Afrika, ikiwemo yetu, aina zisizo za homa ya matumbo huingia kwenye damu ya watoto wadogo, hasa waliodhoofishwa na malaria, utapiamlo au virusi vya UKIMWI, na huua. Halafu tazama nani anayemlisha mbwa. Ni mara chache awe yule aliyesoma faida za nyama mbichi kwenye simu. Ni dada wa kazi, anayekata shingo za kuku kwenye ubao uleule wa sukuma wiki, au ni askari wa getini, anayezishika kwa mikono kisha anapitisha mkono kwenye kikombe cha chai. Hakuna aliyewaeleza kitu. Mwenye mbwa anayeamua kubadilisha lishe anaamua kwa niaba ya watu hawa pia, na kabla ya kununua kilo ya kwanza anapaswa kununua ubao wa pili, kisu cha pili na sabuni, kisha kukaa nao chini na kuwaambia sababu.

Kuna na hili la kuku waliojifia. Wafugaji wengine wa Ruiru na Juja huwarushia mbwa kuku waliokufa bandani, na wengine huwapa ng'ombe aliyefia zizini. Hapo hatuzungumzii lishe tena. Mnyama aliyejifia amebeba ugonjwa uliomuua au dawa aliyochomwa jana yake, na ng'ombe aliyekufa ghafla anaweza kuwa na kimeta, ambacho Murang'a hapo jirani wanakijua. Huyo hachunwi wala hapasuliwi. Huitiwa daktari wa mifugo wa serikali na kuzikwa au kuchomwa.

Sasa mifupa, maana Kamakis ni nchi ya mifupa. Watu wengi hapa wanaamini tayari wanamlisha mbwa chakula cha asili, kwa sababu Jumapili jioni wanamfungia mabaki ya mbuzi choma kwenye karatasi. Hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Mfupa uliochomwa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha, na vipande hivyo hukwama kooni au hutoboa utumbo. Pamoja nao huja mafuta yaliyokatwa pembeni, yanayoweza kuwasha kongosho la mbwa likavimba, chumvi, na kachumbari. Vitunguu vya kachumbari huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Mutura nayo ina vitunguu na pilipili, mwachie aliyeinunua. Mfupa mbichi hauvunjiki vibaya hivyo, lakini nao una masharti. Shingo ya kuku hutafunika. Mfupa wa paja la ng'ombe, ule mgumu wa supu, huvunja jino la mbwa na kuacha uchungu asioweza kuusema. Wahenga walisema mfupa uliomshinda fisi mbwa hauwezi, na hapa walisema jambo la kitabibu.

Mifupa inatupeleka kwenye kalsiamu, mahali ambapo watu wenye nia njema huwaharibu watoto wa mbwa. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno; mbwa anahitaji kalsiamu izidi fosforasi kidogo. Mtoto wa German Shepherd au Boerboel anayekua haraka, akilishwa mnofu na mapafu bila mfupa wala nyongeza, mwili wake huanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Miguu hupinda, na baadaye huvunjika kwa kuruka ngazi mbili. Ugali na mapafu humfanyia vilevile, kwa hiyo kosa hili ni la wote. Kijiko kimoja cha chai cha maganda ya mayai yaliyosagwa laini kina karibu gramu 2 za kalsiamu, na maganda ni bure katika kila kibanda cha chapati na mayai. Ila kumjazia mtoto wa mbwa mkubwa kalsiamu kupita kiasi nako huharibu viungo. Kwa mbwa ambaye hajatimiza mwaka, ushauri wangu ni mfupi: usijaribu nyama mbichi. Mpe chakula kamili kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa, au ukae na daktari wa mifugo mpange pamoja kila gramu.

Maini nayo yana mpaka. Ni hazina ya vitamini A na madini ya shaba, na yakizidi sehemu ndogo ya mlo yanageuka sumu ya polepole. Omena waliokaushwa vizuri na kuchekechwa mchanga husaidia sana, kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao. Hata hivyo zinki, iodini na vitamini E bado hupungua katika mapishi mengi ya nyumbani, yawe mabichi au ya kupikwa, na hilo halionekani hadi baada ya miezi.

Gharama na umeme nitavipitia upesi, maana kila mtu anajua mfuko wake. Wanaolisha mbichi hutoa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mbwa kwa siku. Mbwa wa kilo 30 atakula gramu 600 hadi 900, yaani kilo 18 hadi 27 kwa mwezi, na nyumba yenye mbwa wawili inahitaji friza yao peke yao. Friza ndiyo ngome ya jambo lote: kugandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 10 huua malengelenge ya haidatidi. Sehemu ya barafu ya friji ndogo haifiki baridi hiyo kwa uhakika, na stima ikipotea usiku kucha hesabu inaanza upya. Salmonela haifi kwa baridi, inalala tu. Kwa hiyo friza hutatua tatizo la mbuzi na kuacha la kuku.

Nani basi anaweza kubadilisha? Naona ni wachache: mwenye mbwa mzima mwenye afya, anayenunua nyama yenye muhuri na kuijua njia yake, mwenye friza ya kweli, asiye na mtoto mchanga, mjamzito, mzee dhaifu au mgonjwa anayetumia dawa za kushusha kinga nyumbani. Huyo abadilishe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, aachane kabisa na mapafu na maini mabichi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe hata kama yamegandishwa, na ampe mbwa praziquantel kila wiki 6. Nasisitiza jina la dawa, kwa kuwa dawa nyingi za minyoo zinazouzwa agroveti kwa ajili ya mifugo hazimgusi tegu huyu. Wiki 6 zina sababu: tegu huchukua takriban muda huo kukomaa na kuanza kutoa mayai, kwa hiyo unamwahi kabla hajazaa. Chanjo ya kichaa cha mbwa iko palepale kila mwaka, haijali mbwa anakula nini.

Waliobaki, ambao ni wengi wetu, wana njia ambayo wanaobishana huiruka kwa sababu haina mashabiki: kupika. Mapafu, bandama na moyo vichemshwe nusu saa tangu maji yaanze kutokota, vitolewe, mchuzi uchanganywe na wali, viazi vitamu au ugali wa mahindi safi, mboga kama karoti au sukuma wiki iongezwe mwishoni, maganda ya mayai na omena juu yake. Bila chumvi, bila vitunguu, bila Royco. Kwa mbwa wa ulinzi anayelala nje kwenye baridi ya Ruiru mwezi wa Julai, nyama iwe nyingi kuliko wanga. Chakula hiki humwondoa mbwa kwenye mlo mbovu bila kuufungua mzunguko wa haidatidi, na kuni au gesi inayotumika ni ndogo kuliko bili ya friza. Bibi zetu wa Thika waliokuwa wakichemsha matumbo kwenye debe nyuma ya jiko walikuwa mbele ya mitindo mingi.

Kinachokera ni kwamba mzigo wote huu umebebeshwa mwenye mbwa. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti machinjio na vilevile utoaji wa leseni za mbwa. Yaani ofisi ileile ya Kiambu inayosimamia kilichomo ndani ya mapafu ndiyo inayopaswa kumjua mbwa anayeyala. Ingeweza kuagiza kwamba nyama za ndani zinazouzwa kwa ajili ya mbwa zichemshwe kabla ya kutoka machinjioni, au zipakwe rangi zisichanganyike na za watu. Ingeweza kuziba mashimo ya kutupia viungo vilivyokataliwa ili mbwa wa mitaani wasifukue usiku. Ingeweza kugawa dawa ya tegu siku ileile ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa foleni moja. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji teknolojia mpya. Iceland ilianza kwa kijitabu na sheria.

Hadi hapo, jambo liko mikononi mwako. Ukifika kwa bucha leo jioni kumtafutia mbwa chakula, uliza mapafu yale yamekaguliwa wapi na nani. Ukijibiwa "ni ya mbwa tu," yaache hapo hapo. Ukipata jibu linaloeleweka, yanunue, uende ukayachemshe nusu saa.